Gunia Lisilopokelewa

Fomu zilipitishwa chini ya milango Jumanne asubuhi, Fundi Turubai akiwa amekaa sakafuni, turubai la lori limemfunika mapajani kama blanketi. Alikuwa anaziba mpasuko wa urefu wa mkono mzima kwa sindano iliyopinda na uzi uliopakwa nta. Karatasi iliteleza ikaja kugota kwenye goti lake. Hakuiokota. Alimaliza mshono kwanza, akakata uzi kwa meno, akajifuta mikono, ndipo akaisoma.

Ofisi ya bandari ilitaka kujua kazi za mababu. Ukuta wa bandari ungesogezwa mbele, na safu yote ya nyumba zilizoegemea ukuta ule ingebomolewa. Waliothibitika kuwa kizazi cha wafanyakazi wa zamani wa bandari wangepewa vyumba kwenye majengo mapya. Wengine walipewa miezi mitatu watafute pa kwenda. Chini kulikuwa na mistari ya kuandika jina la babu, kazi yake na uthibitisho.

"Andika rubani," mama yake alisema kutoka kitandani, hata kabla hajasomewa nusu.

Mama huyo alikuwa na miaka sabini na tisa, miguu imekwisha nguvu, akitembea kwa kigari cha chuma cha miguu minne alichokichukia. Baba yake alikufa yeye hajatimiza mwaka. Tangu apate akili aliambiwa kwamba baba huyo alikuwa rubani wa bandari, yule mtu anayepanda meli ngeni huko nje na kuiongoza mpaka gatini. Ushahidi wake ulikuwa kibati cha shaba chenye tundu juu na namba katikati, 318, alichokitunza ndani ya kopo la chai na kukisugua kila Ijumaa kwa majivu.

"Marubani walikuwa mia tatu, mama?" aliuliza Winchi, mdogo wake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa urefu wake. Alikuwa kibarua wa kushusha mizigo, na wakati huo alikuwa amesimama mlangoni akinywa chai haraka haraka kabla ya zamu.

"Wewe kunywa chai yako uende," mama yake akamjibu.

Mtaani hali ilikuwa hiyohiyo. Kwa watu wale, kila marehemu alikuwa amepandishwa cheo baada ya kufa. Babu wa kinyozi alikuwa karani mkuu wa forodha. Babu wa muuza mkaa alikuwa nahodha, na babu wa jirani yao wa kushoto alikuwa mhandisi wa mitambo, ingawa hakuna aliyejua mitambo gani. Ukikaa ukawasikiliza jioni nzima, hungepata babu hata mmoja aliyewahi kubeba kitu, na ungebaki kujiuliza mizigo yote ile ya miaka na miaka ilishukaje yenyewe.

Masijala ya bandari ilikuwa kwenye ghala la zamani lenye sakafu ya mbao zilizolika. Mtunza kumbukumbu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sweta lililotoboka viwiko, na vumbi la vitabu lilimfanya apige chafya kila alipofungua jalada. Fundi alimkuta kinyozi ametangulia.

"Mkiona jina la mtu wenu kitabuni, someni kimoyomoyo," mtunza kumbukumbu aliwaambia. "Likisomwa kwa sauti, mwenyewe anakuja. Sikatazi, lakini mtu ahakikishe ana nafasi nyumbani."

Akaonyesha kona kwa kidole. Kwenye kona palikuwa na mwanamume amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mweusi wa masizi mpaka kwenye kope, sepetu ameiweka katikati ya miguu. Alikuwa mchochea makaa wa meli za mvuke. Jamaa mmoja alikuja akamsoma kwa sauti, akamwangalia, akasema huyo siye, akaondoka. Sasa alikuwa na wiki ya pili pale. Mchochea makaa hakuwa na usumbufu, mtunza kumbukumbu alisema, isipokuwa ukuta ule ilibidi upakwe rangi upya.

Kinyozi alisoma kwa sauti. Alikuwa na hakika na karani wake mkuu. Baada ya dakika chache mlango ulisukumwa kwa goti, akaingia mzee mfupi mwenye mitego sita imening'inia kiunoni na harufu ya jibini lililochacha. Kinyozi alimtazama kwa muda, akakitazama kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari. Ulisema: mtega panya, ameajiriwa, ghala namba mbili mpaka tano.

"Shikamoo, babu," alisema mwishowe.

"Marahaba. Wako wapi?"

"Akina nani?"

"Panya."

Wakaondoka pamoja. Jumatatu iliyofuata mtega panya alikuwa amekwisha kupewa kiti chake karibu na kioo cha kinyozi, na wateja walikuwa wakimsalimia kwanza yeye. Familia ile ilikubaliwa bila tatizo. Mtega panya alikuwa mwajiriwa, na kitabu kilisema hivyo kwa wino.

Fundi alipekua kitabu cha marubani asubuhi nzima. Walikuwa kumi na tisa tu kwa miaka yote ile, wote wenye majina marefu ya watu waliotoka mbali. Alipokifunga, mtunza kumbukumbu alimwona ameshika tama, akamwomba kile kibati cha mama yake alichokuja nacho. Alikigeuza mara mbili mkononi.

"Vya namna hii nimeviona," alisema. "Lakini si huku. Njoo."

Alimpeleka kwenye rafu ya mwisho, ya chini, ambako vitabu vilikuwa vimelazwa badala ya kusimamishwa. Juu ya jalada paliandikwa VIFAA VYA GATI. Ndani yake kulikuwa na ngazi, kamba, makapi ya kuinulia mizigo, matoroli, mizani, kila kimoja na namba yake. Mtunza kumbukumbu alilamba kidole, akafunua taratibu mpaka akafika.

Mstari wa juu ulihusu ngazi iliyopasuka. Mstari wa chini ulihusu kapi lililoshika kutu. Katikati yake paliandikwa: *Kuli 318. Kimeharibika gatini saa nne asubuhi. Kimebadilishwa.*

Fundi aliusoma mara tatu.

"Mwanzoni nilidhani ni kosa la sarufi," mtunza kumbukumbu alisema. "Nikadhani karani alikuwa mgeni, hakujua kwamba mtu anasemwa *ameharibika*, au basi, *amekufa*. Kisha nikaona ni kurasa zote. Makarani kumi na mmoja, miandiko kumi na mmoja, wote *kime*, *kime*, *kime*. Ukimwona mtega panya, *ameajiriwa*. Ukimwona mbwa wa lindo, *amepewa chakula*. Hawa hapa, *kime*." Akapiga chafya, akaomba radhi.

"Jina lake halimo?"

"Hawana majina. Ungeandika jina la toroli?"

Fundi alisoma namba kwa sauti. Wakasubiri. Hakuna aliyekuja, kwa sababu namba haiiti mtu. Mchochea makaa aliinua macho kutoka kwenye ndoo yake, akayarudisha chini. Ndipo Fundi alipoweka kidole kwenye nafasi tupu iliyo mbele ya namba na kutaja jina la babu yake, jina lile ambalo mama yake humtajia mtu kwa sauti ya chini kama anayetaja kitu kinachoweza kuvunjika. Lilikuwa halijawahi kutamkwa karibu na namba ile.

Akaja. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na sita, kifua wazi, suruali imefungwa kwa kamba, miguu mitupu. Kwenye bega la kulia alikuwa na gunia lililojaa, na shingo yake imelala upande wa kushoto kulipisha. Aliingia mlangoni kwa ubavu, kama mtu aliyezoea milango.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Fundi, maana Fundi alikuwa na miaka hamsini na mbili.

"Marahaba," Fundi alijibu, kisha akaona haya. "Mimi ni mjukuu wako."

Kijana alilipokea hilo. "Hili liwekwe wapi?" aliuliza, akimaanisha gunia.

Walikwenda nyumbani kwa miguu. Ilikuwa adhuhuri na barabara imejaa malori, na watu waliwapisha kama wanavyompisha mtu yeyote mwenye mzigo. Njiani Fundi alimweleza mambo machache ya lazima: kwamba meli zimekuwa kubwa, kwamba mizigo mingi siku hizi huja ndani ya makasha ya chuma, kwamba mke wake alifariki zamani. La mwisho alilisema bila kumtazama. Kijana alitembea hatua kadhaa, akauliza kama alizikwa vizuri. Fundi akasema ndiyo, watu walikuwa wengi.

Mama yake Fundi alikuwa kitandani, kopo la chai mapajani. Kijana alisimama mbele ya kitanda, akainamisha kichwa kadiri gunia lilivyomruhusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nani huyu?" aliuliza, na neno *baba* lilimtoka kwa mazoea tu, kama mzee yeyote anavyomwita kijana mwenye adabu.

Fundi akamwambia. Mama yake alimtazama kijana kuanzia miguu iliyopasuka visigino mpaka kwenye gunia, akanyoosha mdomo.

"Huyu siye. Baba yangu alikuwa rubani. Huyu ni mchukuzi."

"Mama, namba ni ile ile."

"Namba hugongana. Mrudishe."

Nje winchi ilishusha kasha gatini, na vijiko vikatetemeka ndani ya kikombe kama kawaida. Kijana hakujitetea. Aliangaza chumba, akaona cherehani, akaona marundo ya turubai, akaona picha za ukutani za watu asiowajua. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali hapa hapa asubuhi.

"Nilimwacha mwanangu anajishika kwenye kiti," alisema. "Anasimama, anaanguka, anacheka. Mama yake akasema bado wiki moja. Ameanza kutembea?"

Mama yake Fundi aliliweka kopo pembeni. Akasukuma shuka. Fundi alisogea kumshika mkono, akapigwa jicho, akabaki pale pale. Kigari kilikuwa karibu lakini mama hakukigusa. Aliteremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akajishika kwenye kiti, akasimama. Kisha akaachia kiti. Alitembea hatua nne kuelekea kwa kijana, miguu ikitetemeka, macho ameyakaza usoni kwake, na hatua ya tano ilipomshinda kijana alinyoosha mkono wake wa kushoto, uliokuwa huru, akamdaka.

"Ameanza," mama akasema.

"Naona," kijana akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alibaki nao. Usiku hakulala, alisimama kando ya mlango na gunia lake, na asubuhi mama alipofumbua macho alimkuta bado amesimama. Winchi, ambaye anaweza kuinua mfuko wa saruji kwa mkono mmoja, alijaribu kumtua. Aliingiza mikono chini ya gunia akainua, na kijana akainuka pamoja nalo, miguu ikining'inia, mpaka Winchi akamrudisha chini na kuomba msamaha. Walijaribu kukata mshono ili litoke kidogo kidogo. Fundi alitumia kisu chake cha kukatia turubai, na kila uzi alioukata ulikuwa umeungana kabla hajafikia wa pili.

"Haliwezi kutuliwa mpaka lipokelewe," kijana aliwaeleza kwa upole, kwa kuwa aliona wanahangaika. Alikuwa katikati ya ubao wa kushukia melini moyo ulipogoma. Karani wa chini alikuwa hajaweka alama.

Ofisini walikwenda wote watatu, Fundi, Winchi na babu yao. Afisa makazi alikuwa mwanamke mchangamfu, meza yake safi, kalamu yake imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Alimkaribisha kijana kiti. Kijana akashukuru, akabaki amesimama. Afisa alisoma nakala ya mstari ule, akamtazama mwenye mstari, akasoma tena.

"Tatizo si yeye," alisema. "Yeye namwona, na kufanana mnafanana, hasa hapa kwenye paji la uso. Tatizo ni kitabu. Fomu inasema kizazi cha wafanyakazi. Huyu hakuwa mfanyakazi, alikuwa kifaa. Kifaa hakina warithi."

"Ni kifaa gani kinachozaa?" Fundi aliuliza.

"Hilo ni swali zuri," afisa alisema, akaliandika kwenye karatasi ya pembeni. Kisha akagonga muhuri kwenye fomu, neno HAWAKUTHIBITIKA, na akawaambia wawe waangalifu ngazini, kwa sababu ya mzigo.

Winchi alikuwa na hasira siku nzima. Fundi hakuwa na hasira, au labda alikuwa nayo lakini aliikalia. Alichokuwa akifikiria ni lile gunia. Nyumba imekwenda, alijiambia, basi. Lakini mtu hawezi kusimama na mzigo miaka sabini na nane na watu wazima wawili wenye akili zao wakamwangalia tu. Kama ni kupokelewa, lipelekwe likapokelewe. Yeye mwenyewe alikuwa na kibali cha kuingia bandarini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishona turubai za ghala. Asubuhi iliyofuata alimpeleka.

Karani wa gati alikuwa kijana mwenye kofia ngumu na kompyuta ya mkononi.

"Meli gani?"

Babu akaitaja. Karani akaandika, akatelezesha kidole juu, akatelezesha chini.

"Haimo. Ngoja. Ah, hii ilikatwa vyuma kabla hata sijazaliwa."

"Gunia lipo," Fundi alisema.

"Gunia naliona, mama. Lakini siwezi kupokea kitu kilichotoka kwenye meli isiyokuwepo. Mfumo hautakubali."

"Weka alama tu kwenye karatasi. Yoyote. Akuone unaiweka."

Karani alisema hawana karatasi tena. Hakuwa na ubaya wowote, hata alijipapasa mifukoni kutafuta. Wakati huo msimamizi wa gati alikuwa anapita, mkate mkononi, akasimama. Alimtazama babu kwa makini, si usoni bali mabegani, kiunoni na miguuni.

"Amesimama na hilo tangu lini?"

Fundi akamwambia.

"Anakunywa maji?"

"Hapana."

"Anapumzika?"

"Hajapumzika."

Msimamizi alimalizia mkate wake. "Bega la kushoto liko wazi," alisema.

Fundi alikuja kujilaumu baadaye kwamba hakusema neno wakati ule. Lakini mambo yale yalikwenda upesi na kwa kawaida sana. Watu wawili walikuwa wanashusha mifuko ya mbolea kutoka kwenye meli ndogo pale kando, msimamizi akawapigia mluzi, na mfuko ukawekwa kwenye bega la kushoto la babu yake kama mtu anavyotundika kofia. Shingo yake, ambayo sasa haikuwa na pa kulalia, ilinyooka ikatazama mbele. Alimtupia Fundi jicho, jicho la mtu anayemwangalia aliyemleta mahali. Kisha akaenda ghalani na mfuko, akarudi, akawekewa mwingine.

Saa sita Fundi alimwita. "Babu, tosha. Twende nyumbani."

"Kengele bado," alijibu akipita.

Kengele ya kumaliza zamu iliondolewa gatini miaka ishirini iliyopita. Siku hizi watu hutazama simu zao. Fundi alimweleza hivyo aliporudi mara ya pili, na mara ya tatu, akitembea kando yake mpaka mlangoni mwa ghala. Babu alimsikiliza kwa heshima. Alisema atasubiri. Jioni vibarua walivaa mashati yao wakaondoka, naye akaendelea peke yake, mpaka meli ilipokwisha akahamia nyingine.

Kesho yake Fundi aliazima kengele ya mkono kwa mwalimu mmoja aliyekuwa mteja wake, akaipiga kwenye ua wa waya kwa nguvu zake zote. Babu alisimama, akageuka. Akasema kutoka mbali, bila kuinua sauti, kwamba kengele ya gati ilikuwa na mlio mzito zaidi, na kwamba anayeipiga ni msimamizi. Mlinzi akaja akamwomba Fundi aache, kwa kuwa watu walikuwa wanachanganyikiwa.

Wiki mbili baadaye mtunza kumbukumbu alikuja kwao. Hakuingia. Alisimama kizingitini akiwa na sweta lake, macho mekundu, na mara hii haikuwa vumbi.

"Ofisi imeniagiza nisome kitabu kizima cha vifaa," alisema.

"Namba haziiti mtu," Fundi alisema. "Uliona mwenyewe."

"Namba haziiti. Lakini fomu zenu zina majina." Akavuta viwiko vya sweta lake. "Mlizijaza vizuri sana. Kila nyumba imeandika jina la babu, na wengi wameambatanisha vibati. Kinachobaki ni kulinganisha tu. Nimeambiwa nilinganishe, nisome kwa sauti, na mlango uwe wazi."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilisema nina mafua." Akaangalia viatu vyake. "Yalidumu siku tatu."

Walikuja mia nne na kitu. Walipita barabara ya bandari asubuhi, mmoja mmoja kwa ubavu kwenye lango, wengine na magunia, wengine na marobota, wengine na nusu ya sanduku, kila mmoja na kile alichokufa nacho mkononi. Watu wa mtaa walitoka nje kuwatazama. Muuza mkaa alimwona nahodha wake akipita na tenga la chuma kichwani, akamwamkia, akaitikiwa. Mhandisi wa jirani alipita pia. Hakuna aliyekana wa kwake siku ile. Walifunguliwa kitabu kipya chenye jalada la bluu, na jalada lilikuwa na maneno yale yale, VIFAA VYA GATI.

Vibarua waliarifiwa Ijumaa. Winchi alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, akaketi kitandani, akavua viatu vya kazi akavipanga sambamba kama viatu vya kuuzwa. Mama yake alimuuliza kama ameugua.

"Babu amechukua zamu yangu," alisema.

"Usimseme baba yangu."

"Simsemi, mama. Nasema ilivyo."

Miezi mitatu ilipotimia walihamia ng'ambo ya reli, chumba na ukumbi, bati la juu likipiga kelele kwenye jua. Wa mtaa wao waliopata majengo mapya walikuwa nyumba tano: kinyozi, na wengine wanne waliokuwa na karani mdogo, mpishi wa meli, mlinzi na mfagiaji. Safu ile ilibomolewa kwa asubuhi moja. Ukuta ulisogezwa mbele, na mahali kilipokuwa kitanda cha mama pakawekwa nguzo ya taa.

Mama yake Fundi alidai apelekwe kwenye ua wa waya wa bandari kila Jumatano. Winchi, ambaye sasa alikuwa na muda, alimbeba mgongoni akavuka reli mpaka upande wa bandari, akamshusha kwenye waya. Siku nyingine baba yake alionekana, siku nyingine alikuwa kwenye meli ya mbali. Akionekana, mama alijishika kwenye waya, akaachia, akatembea hatua zake. Zilikuwa nne. Mwezi uliofuata zikawa tatu. Mwezi wa Novemba alipata homa ya mapafu akafa, na Fundi alikwenda kwenye waya kumpa habari babu yake. Babu alisimama na mizigo yake miwili muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama, mpaka msimamizi akaja kuangalia kama kuna hitilafu.

"Alizikwa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri," Fundi alisema. "Watu walikuwa wengi."

Walikuwa kumi na wawili.

Baada ya mwaka mpya dereva wa ghala alileta kazi. Ofisi ilikuwa imegundua kwamba ngozi za mabega ya makuli zinachanika na kuchafua mifuko ya wateja, na kwa hiyo ilihitaji vitambaa vya kuvika mabegani, viwili kwa kila mmoja, vya turubai, vijazwe mabaki ya godoro unene wa kidole kimoja. Alileta na mfano uliochorwa kwenye karatasi, ukiwa na vipimo.

Fundi aliitazama karatasi. Alifikiri kukataa, akafikiri ni nani angeshona kama yeye angekataa, na kwa kipimo gani. Akamwambia dereva arudi baada ya wiki tatu.

Walishona yeye na Winchi, tangu jua linapochomoza mpaka linapofifia dirishani. Winchi alikata na kujaza, yeye alishona kwa mkono, kwa kuwa cherehani haikuweza kupita kwenye unene ule. Alijaza vidole vinne. Upande wa ndani, unaogusa ngozi, hakuweka turubai. Alifungua sanduku la nguo za mama yake akazikata zote, kanga na mashuka, na zilipokwisha akakata za kwake.

Dereva alirudi kama walivyopatana. Alichukua kimoja juu ya rundo, akakibonyeza, akakigeuza, akaona kitambaa cha maua upande wa ndani.

"Ofisi ilisema kidole kimoja."

"Najua."

Alikibonyeza tena, akavuta mshono kwa nguvu kuona kama utaachia. Haukuachia. Alikuwa mtu anayejua kazi nzuri akiiona.

"Hivi vitadumu miaka na miaka," alisema.

"Najua," Fundi akasema, akaanza kumpakilia.